MILANGO YA SELI
Jinsi maji, chumvi na sukari vinavyoingia na kutoka

Rubafu ni mahali penye ufuko wa Ziwa Viktoria, katika Wilaya ya Bukoba, mkoa wa Kagera. Watu wa huko hulima migomba, kahawa na maharage, nao huvua samaki ziwani. Katika kazi zao na nyumbani mwao liko jambo moja ambalo huonekana mara kwa mara, walakini ni wachache waulizao sababu yake.

Mvuvi ampakapo sangara chumvi, huona nyama ya samaki ikitoa maji, hata ikawa ngumu. Mkulima aliyemwaga mbolea ya chumvichumvi nyingi mno penye shina la mche huona majani yake yameungua pembeni, ingawa mvua imenyesha. Mama mwenye mtoto anayehara huona macho ya mtoto yamedidimia kwa muda wa siku moja tu. Mambo haya matatu yaonekana kuwa mbalimbali, lakini asili yake ni moja. Yote ni habari za maji yanayopita katika tando za seli. Mwenye kuifahamu habari hii aweza kuhifadhi samaki wake, na kuulinda mche wake. Na lililo kubwa kuliko hayo, aweza kuokoa uhai wa mtoto.

UTANDO WA SELI

Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa seli, kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali. Seli ni ndogo sana, hata nyingi haziwezi kuonekana kwa macho matupu, ila kwa hadubini. Kijidudu cha ugonjwa, yaani bakteria, mwili wake wote ni seli moja. Mgomba, samaki na mtu wana seli nyingi kupita kiasi.

Kila seli imezungukwa na ngozi yake, nayo huitwa utando. Utando huu ni mwembamba mno: tando laki moja zikilundikwa pamoja, hazitimizi unene wa milimita moja. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel, walitoa mafuta katika tando za seli za damu, wakayapima. Wakaona ya kuwa mafuta yale yatosha kuzifunika seli zile mara mbili. Ndipo walipofahamu ya kuwa utando umefanywa kwa mafuta yaliyopangwa tabaka mbili.

Kila mpishi ajua ya kuwa mafuta na maji havipatani. Kwa hiyo chumvi na sukari, ambazo hukaa ndani ya maji, haziwezi kujipenyeza katika ukuta wa mafuta. Lakini seli yahitaji chakula, maji na chumvi, nayo sharti itoe taka zake. Basi ukuta huu una milango mingi, na kila mlango una bawabu wake. Bawabu mmoja hupitisha maji peke yake, mwingine sukari, mwingine chumvi. Mlango wa maji ulitambuliwa na Mmarekani Peter Agre mwaka 1992, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa ajili ya kazi hiyo.

NJIA TATU ZA KUPITA

Njia ya kwanza ni kuenea. Tone la wino likidondoshwa katika kikombe cha maji yaliyotulia, huenea polepole bila kukorogwa, hata maji yote yakawa na rangi moja. Kitu huondoka penye wingi kikaenda penye uchache. Hivyo ndivyo oksijeni iliyo katika hewa tunayovuta iingiavyo katika damu. Oksijeni haihitaji mlango, maana yaweza kupenya katika mafuta yenyewe.

Njia ya pili ni ya maji, nayo huitwa osmosisi. Ikiwa upande mmoja wa utando una chumvi au sukari nyingi, na upande wa pili una kidogo, na vitu hivyo haviwezi kupita, basi maji ndiyo yahamayo. Maji huenda upande ule wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Kwa maneno machache, maji hufuata chumvi. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa somo lote.

Njia ya tatu ni kusukumwa kwa nguvu. Mtumbwi hushuka na mkondo bila kazi, lakini ukitaka kupanda juu ya mkondo, sharti upige kasia. Vivyo hivyo seli yaweza kukitoa kitu penye uchache na kukipeleka penye wingi, lakini hutumia nguvu itokayo katika chakula. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark alieleza habari za pampu iliyo katika utando. Pampu hiyo hutoa nje ya seli chembe tatu za sodiamu, ambayo ni sehemu moja ya chumvi ya jikoni, na kuingiza ndani chembe mbili za potasiamu. Kazi hiyo haikomi mchana wala usiku maadamu seli yaishi.

JARIBIO LA KIAZI

Kila mwanafunzi aweza kuiona osmosisi kwa macho yake. Chukua kiazi mviringo kibichi, ukikate vipande viwili vyembamba vilivyo sawa. Twaa vikombe viwili vya maji. Katika kimoja usitie kitu; katika cha pili tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, ukakoroge. Weka kipande kimoja katika kila kikombe, uviache kwa muda wa saa tatu au nne.

Utakapovitoa, utaona ya kuwa kipande kilichokaa katika maji matupu ni kigumu, na ukikipinda huvunjika. Kile cha maji ya chumvi kimelegea kama kamba. Katika kikombe cha kwanza maji yaliingia ndani ya seli za kiazi zikajaa. Katika kikombe cha pili maji yalitoka ndani ya seli yakaifuata chumvi, nazo seli zikanywea.

Jambo hili lilijaribiwa Ulaya tangu zamani. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali ya zabibu katika chombo, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha katika maji. Baada ya saa kadhaa alikuta kibofu kimevimba, kwa kuwa maji yalipita katika kibofu na kuingia ndani ya chombo.

SAMAKI WA ZIWANI NA SAMAKI WA BAHARINI

Maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, yaani hayana chumvi ya kuonjeka. Damu ya sato au ya sangara ina chumvi zaidi kuliko maji ya ziwa. Basi, kwa kanuni ile ya osmosisi, maji ya ziwa huingia katika mwili wa samaki mchana na usiku, hasa kwa njia ya matamvua yake. Mbona basi samaki hapasuki? Kwa sababu figo zake hutoa mkojo mwingi ulio kama maji matupu, na matamvua yake hunyakua chumvi iliyo chache ziwani na kuiingiza katika damu kwa nguvu ya pampu.

Samaki wa pwani ya Unguja yu katika shida iliyo kinyume cha hiyo. Bahari ina chumvi kuliko damu yake, kwa hiyo maji humtoka daima. Yeye hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi iliyozidi kwa matamvua yake. Samaki mmoja yumo katika hatari ya kujaa maji, na mwingine yumo katika hatari ya kukauka, ingawa wote wawili wanaogelea majini.

Sangara akisha kuvuliwa na kufa, seli zake haziwezi kujilinda tena. Mvuvi humpasua, humtia chumvi nyingi, kisha humwanika juani. Samaki wa namna hii huitwa kayabo, naye huuzwa mbali hata nchi ya Kongo. Chumvi huvuta maji katika nyama ya samaki. Tena huvuta maji katika bakteria waozeshao nyama, nao hawawezi kuzaana. Samaki huyo hukaa siku nyingi bila kuoza.

Kadhalika katika shamba. Mizizi ya mgomba hunywa maji kwa sababu ndani ya seli zake mna chumvi na sukari zaidi kuliko katika maji ya udongo. Lakini mkulima akilundika mbolea ya chumvichumvi karibu na shina, maji ya udongo huwa na chumvi kuliko mizizi. Hapo mzizi hushindwa kunywa, na pengine hunyang'anywa hata maji yake wenyewe. Ndiyo sababu ya kuambiwa kuitia mbolea hiyo kwa kipimo, mbali kidogo na shina, na katika udongo wenye unyevu.

MTOTO ANAYEHARA

Sasa tuangalie jambo lililo kubwa. Matumbo ya mtu yamepangwa seli kwa ndani, bega kwa bega, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo. Kazi yao ni kupokea chakula na maji na kuvitia katika damu. Mtu akiwa mzima, seli huingiza chumvi, nayo maji huifuata chumvi mpaka katika damu.

Bakteria wa kipindupindu akiingia tumboni kwa maji machafu au chakula kichafu, hutoa sumu. Sumu hiyo haiziui seli za matumbo, bali huilazimisha milango fulani ya chumvi ikae wazi. Chumvi hutoka katika seli na kumwagika ndani ya utumbo, na maji huifuata. Mtu mzima aliyeshikwa sana aweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja. Damu huwa nzito, mapigo ya moyo hufifia, na mgonjwa aweza kufa siku ile ile aliyougua. Yeye hafi kwa majeraha ya tumbo. Hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi.

Ugonjwa huu umeua watu wengi katika nchi zetu. Katika miaka ya 1869 na 1870 uliangamiza watu wengi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwako huko wakati ule, aliandika kitabu mwaka 1876 akieleza jinsi kipindupindu kilivyosafiri katika njia za misafara ya Afrika Mashariki. Na mwezi wa Julai mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokusanyika Goma, katika Kongo ya mashariki, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, walio wengi kwa magonjwa ya kuhara.

Kwa muda mrefu waganga walijua dawa moja tu iliyo hakika, nayo ni kuingiza maji yenye chumvi katika mshipa wa damu. Maji hayo hayawezi kuwa matupu. Maana seli za damu zikikutana na maji matupu, huyanywa mpaka zikapasuka. Sharti yawe na gramu 9 za chumvi katika lita moja, au mchanganyiko mwingine unaolingana na damu. Lakini dawa ya mshipa yahitaji sindano, chupa na mtu aliyefundishwa. Mahali pengi vitu hivi havikuwako.

MLANGO ULIOBAKI MZIMA

Mgonjwa wa kipindupindu akinyweshwa maji ya chumvi peke yake, hayamfai sana, kwa sababu milango ya kawaida ya kuingizia chumvi imezuiwa na sumu. Lakini katika utando wa seli za matumbo mna mlango mwingine wa ajabu. Bawabu wa mlango huo hafungui kwa chumvi peke yake, wala kwa sukari peke yake. Hufungua vikija pamoja: chembe moja ya sukari iitwayo glukosi na chembe mbili za sodiamu. Habari ya vitu hivi viwili kuingia pamoja ilielezwa kwanza na Robert Crane katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, mwaka 1960. Na sumu ya kipindupindu haiwezi kuuharibu mlango huu. Huo hubaki mzima hata mgonjwa akiwa mahututi.

Basi, mgonjwa akinywa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo, sukari na chumvi huingia pamoja, na maji huzifuata. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu katika nchi ambayo leo ni Bangladesh.

Mwaka 1971 vita vilipozuka katika nchi ile, wakimbizi wengi walikimbilia India. Kambini karibu na mji wa Bangaon kipindupindu kiliwashika, na maji ya mshipa yakawa karibu kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru dawa ya unga ya chumvi na sukari ichanganywe, itiwe katika mapipa ya maji, na jamaa za wagonjwa wapewe vikombe wawanyweshe watu wao. Hapo kwanza, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Baada ya dawa ile, waliokufa hawakufika 4 katika 100. Waliofanya kazi ya kunywesha walikuwa mama, baba na ndugu.

KUTENGENEZA MAJI YA DAWA

Leo dawa hii hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, imefungwa katika pakiti zenye jina la ORS. Pakiti ya kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi ya jikoni na gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji, pamoja na chumvi ya potasiamu na ya sitrati. Pakiti ndiyo bora. Ikikosekana, mtu asikae bure, bali atengeneze hivi: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visirundikwe. Akoroge, kisha aonje. Maji yale yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, ayamwage, atengeneze mengine. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Kipimo ni jambo la lazima, na aliyejifunza habari za osmosisi ajua sababu. Chumvi ikizidi, huvuta maji katika seli za mwili, hata za ubongo, na mtoto aweza kupatwa na degedege. Sukari ikizidi, kama ilivyo katika soda, hubaki utumboni ikavuta maji huko, na kuhara huongezeka. Maji matupu peke yake hayarudishi chumvi iliyopotea.

Huko Rubafu, kama mahali pengine pengi, bibi mwenye mjukuu mgonjwa huweza kumwuliza muuguzi, "Mwanangu, mtoto anatokwa na maji, nawe wasema nimzidishie maji? Si afadhali tumbo lipumzike?" Swali hili si la ujinga. Latoka katika mapenzi na katika kuona kwa macho, maana ni kweli mtoto huendelea kuhara hata baada ya kunywa. Muuguzi mwema hatamcheka. Atamjibu, "Shikamoo bibi. Tumbo ni kama mtungi uliotoboka. Dawa hii haizibi tundu leo; yatia maji upesi kuliko yanavyovuja, mpaka tundu lizibike lenyewe." Tena atamwonyesha jinsi ya kufanya: mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu kikombe kikubwa kila ahararapo, aliyezidi umri huo, nusu mpaka kikombe kizima. Apewe kidogo kidogo. Akitapika, angojewe dakika 10, kisha aanzishwe tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14.

Ziko dalili zinazotaka mtoto apelekwe kwa mganga hima: macho kudidimia, kukosa machozi alipo, ngozi ya tumbo ikivutwa kurudi polepole, kulegea, kushindwa kunywa, au damu katika choo. Njiani aendelee kunyweshwa, kijiko baada ya kijiko.

Na yafaa kukumbuka ya kuwa kuzuia ni bora kuliko kuponya. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, choo kitumiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kwenda chooni. Lakini ugonjwa ukiisha kuingia nyumbani, sukari, chumvi na maji safi vyaweza kuwako jikoni tayari. Linalohitajika ni mtu ajuaye kuvichanganya kwa kipimo na kuvinywesha kwa saburi. Mtoto wa shule aliyejifunza somo hili aweza kuwa mtu huyo.

MASWALI

1. Utando wa seli umefanywa kwa nini, na kwa sababu gani chumvi haiwezi kuupenya mahali popote?
2. Taja njia tatu za vitu kupita katika utando. Ni ipi itumiayo nguvu?
3. Eleza kwa nini kipande cha kiazi hulegea katika maji ya chumvi.
4. Sato wa ziwani hunusurikaje asijae maji?
5. Kwa nini mgonjwa wa kipindupindu hupewa sukari pamoja na chumvi, wala si chumvi peke yake?
6. Jirani ampa mtoto anayehara soda. Utamwambia nini kwa adabu, nawe utampa sababu gani?
7. Andika vipimo vya maji ya chumvi na sukari bila kutazama kitabu. Kisha linganisha na kitabu, usahihishe.